Sponji ya Kochi

Jumamosi ya pili ya Novemba 2014, kabla ya saa mbili asubuhi, Melissa Nyakundi alivunjika mtulinga akiwa golini, na kinga iliyotakiwa kumzuia asivunjike ilikuwa imeshonwa na baba yake mzazi, juu ya meza ya jikoni, kwa sponji ya kochi.

Aliyepiga hakupiga kwa nguvu za ajabu. Alikuwa msichana mwenzake wa timu, katika mazoezi ya hoki ya barafuni, kutoka hatua kama kumi. Paki, kile kisahani cha mpira mgumu wanachokimbizana nacho juu ya barafu, humgonga golikipa mara hamsini kwa asubuhi moja na kazi ikaendelea. Safari hii Melissa aliinua bega la kushoto kuizuia, ikampiga chini kidogo ya shingo. Akapiga magoti, halafu akalala ubavu.

Baba yake, Nyakundi, alikuwa kwenye benchi la wazazi na kikombe chake cha kahawa. Alisikia mlio. Alizoea paki ikigonga kinga kwa mlio mkavu, kama ubao ulioangushwa sakafuni. Huu ulikuwa butu, kama mtu amepiga mto ngumi. Pale uwanjani hapakuwa na mtu aliyeujua mlio huo kuliko yeye.

Alikuwa ametoka kazini moja kwa moja, kwenye ghala la mizigo kule Malton karibu na uwanja wa ndege wa Toronto, bado amevaa ile fulana ya njano inayong'aa. Aliingia kwenye barafu na mabuti yake ya kazi, akateleza, akaanguka matako chini mbele ya wasichana kumi na saba na wazazi wao. Hakuna aliyecheka. Alitamani wangecheka. Alitambaa mpaka golini.

Kocha Doreen, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha, alikuwa ameshafungua mikanda ya kinga na kuivuta pembeni.

"Siwezi kuinua mkono," Melissa alisema kwa Kiingereza, meno yakigongana. Kiswahili alikisikia chote, lakini kujibu alijibu kwa Kiingereza tangu aanze shule.

Kitu cha kwanza alichokishika Nyakundi hakikuwa mkono wa mtoto. Aliiokota kinga, akaigeuza upande wa ndani usionekane, akaisokomeza kwenye begi na kufunga zipu. Ndipo akaushika mkono.

"Iache hapo, bwana Nyakundi," Doreen alisema. "Nitaihitaji kwa ripoti."

"Imelowa jasho. Nitaileta."

Doreen alimwangalia, kisha akaangalia begi, kisha gari la wagonjwa likafika.

Kinga yenyewe waliinunua wiki tatu kabla kwa dola arobaini, kwenye duka la mitumba ya michezo la mzee mmoja Mreno aitwaye Tavares. Mpya ilikuwa dola mia nne na themanini. Ilitengenezwa kwa mwanamume mzima. Melissa alipoivaa mikono yake ilisimama pembeni kama shati lililoanikwa, hakuweza kuishusha.

"Iache hapa mezani," baba yake alimwambia. "Baba yako ni fundi."

Na kweli alikuwa fundi. Alishona makochi tangu ana miaka kumi na sita, Kisii mjini, na hata hapa Toronto, Jumamosi mchana alipotoka uwanjani, alimshonea Mzee Jamaludin, Mwismaili mzaliwa wa Kisumu mwenye duka la samani kule Richmond Hill. Mwezi wa Septemba alikuwa amevivisha upya viti sita vya chumba cha kamati ya klabu ya kina Melissa, nao wakampunguzia ada kwa dola mia mbili. Wazazi walivikalia wakamsifu. Kwa hiyo nyumbani hakuna aliyeshangaa aliposema atairekebisha kinga mwenyewe.

Aliifumua kwa wembe. Akaikata mikono vidole vinne, akaibana mabega. Angeishia hapo, pengine hadithi hii isingekuwepo. Lakini ndani ya kifua na mabega aliona sponji yake: ya kijivu, nyembamba, ngumu kama kandambili kuukuu, imegandishwa kwenye bamba la plastiki. Akaibonyeza kwa dole gumba. Kila fundi wa makochi hupima hivyo. Unabonyeza, unaachia, unahesabu. Sponji nzuri inakuwa imeshanyanyuka kabla hujamaliza kusema moja. Hii haikutaka hata kuingia, na pale ilipoingia ilibaki hapo hapo. Kwa Nyakundi, hiyo ilikuwa sponji iliyokufa. Ukimwekea mteja sponji kama hiyo, unamrudishia hela zake na kumwomba radhi. Akaing'oa yote pamoja na plastiki yake, akaitia kwenye pipa. Alhamisi gari la taka likaichukua.

Jumamosi akamwomba Jamaludin kipande.

"Cha nini?" Jamaludin aliuliza.

"Cha mtoto. Kinga yake ya hoki."

Jamaludin alivua miwani. "Fundi, hii ni ya kukalia."

"Ni daraja la kwanza, mzee. Wewe mwenyewe unaiuza na dhamana ya miaka kumi."

"Naiuza kwa matako, bwana. Matako hayaji kwa mbio."

Nyakundi alicheka mpaka akashika ukuta. Jamaludin alitabasamu kidogo tu. "Kaulize pale mliponunua. Kuuliza ni bure."

"Nikamuulize Mreno anayeuza viatu vya barafu habari za sponji? Mimi, mzee?"

Jamaludin alimkatia kipande kizuri, hakumtoza kitu, akamwongeza na mahameli ya kahawia iliyobaki, aitumie kwa bitana isimwashe mtoto.

Nyakundi aliishona kwa shazia, ile sindano nene ya makochi, mishono midogo, iliyolingana. Alipomaliza alifunga fundo la uzi mwekundu upande wa ndani, vitanzi viwili, kama alivyofundishwa na fundi wake wa kwanza. Yule mzee alikuwa akisema kazi isiyo na fundo ni kazi ambayo mwenyewe anaionea haya. Chini ya kila kiti alichowahi kushona Nyakundi, kwenye kitambaa cheusi, lilikuwepo fundo hilo.

Melissa aliivaa, akazungusha mikono yote miwili kama feni. Akamkumbatia baba yake, jambo ambalo msichana wa miaka kumi na mitano halifanyi ovyo.

Wamaitha, mkewe, alikuwa akivaa viatu mlangoni aende zamu kwenye nyumba ya wazee. Aliinyanyua kinga kwa kidole kimoja. "Imekuwa nyepesi sana, Baba Melissa. Iko sawa kweli?"

"Kila mtu na kazi yake, Mama Melissa. Mimi sikufundishi kuosha wazee."

Wamaitha aliiweka chini, akaenda kuosha wazee.

Hospitalini, Jumamosi ile ya ajali, Wamaitha aliwakuta akiwa bado na sare ya kazi. Daktari alikuwa kijana mwenye haraka. Mtulinga umevunjika vipande vitatu, alisema, utafungwa kwa bamba na skrubu. Wiki sita mkono ufungwe shingoni. Baada ya hapo, mazoezi ya viungo mara mbili kwa wiki.

"Aprili?" Melissa aliuliza. Hakuwa ameuliza habari ya maumivu.

Aprili ndiyo kulikuwa na majaribio ya timu ya mkoa. Golikipa angechukuliwa mmoja wa rika lake, na Doreen alikuwa amewaambia wazi kwamba kati ya wasichana wote aliowaona, Melissa ni wa kwanza au wa pili. Umri wa rika hilo ulimwishia mwaka huohuo. Hapakuwa na Aprili nyingine.

"Akianza mazoezi mapema Januari, bila kukosa, Aprili inawezekana," daktari alisema. "Akichelewa, mimi siahidi."

Kliniki za serikali zilikuwa na foleni mpaka Machi. Za kulipia zilikuwa dola sabini na tano kila kikao. Lakini Doreen alikuwa amesema kwa simu kwamba wasiwe na wasiwasi, bima ya ligi italipa vikao vyote, mradi fomu ijazwe na kinga ikaguliwe.

Wamaitha alimvuta mumewe ukumbini, kando ya mashine ya soda.

"Kinga iko wapi?"

"Garini."

"Ulitoa nini mle ndani?"

"Sponji iliyokufa."

"Nani alikwambia imekufa?"

Nyakundi alimwonyesha dole gumba lake. Wamaitha aliliangalia. Kisha akarudi ndani kwa mtoto.

Jumatano alasiri Doreen alikuja nyumbani kwao na fomu. Alikaa kwenye kochi alilolishona Nyakundi, akalisifu, akatoa kalamu. Kiingereza cha maandishi kilimpiga chenga Nyakundi tangu zamani, kwa hiyo Doreen akawa anasoma kwa sauti na Nyakundi anajibu. Jina. Tarehe. Mahali. Halafu akasoma swali la saba: kifaa kimewahi kubadilishwa na mtu yeyote asiye mtengenezaji?

"Hapana," Nyakundi alisema.

Melissa, aliyekuwa kwenye kiti cha pembeni na mkono umefungwa shingoni, aliinua kichwa.

"Una hakika?" Doreen aliuliza. "Mikono inaonekana imefupishwa."

"Tuliinunua hivyo hivyo kwa Tavares. Ni mtumba. Mtumba huwezi kujua kilichomo ndani."

Doreen aliandika. Fomu ilitaka sahihi za wazazi wote wawili. Wamaitha alikuwa akikunja nguo. Alikuja, akasaini bila kukaa, bila kusoma, akarudi kwenye nguo zake. Doreen akaondoka na kinga mkononi, kwenye mfuko mweusi.

Mlango ulipofungwa, Melissa alisema, "Kwa nini umesema hivyo?"

"Ni kwa ajili ya Aprili yako, mama."

"Yule mzee watamfanya nini?"

"Watamfanya nini? Ana duka. Watampa onyo, atauza viatu vyake, maisha yataendelea. Wewe huna duka. Una bega."

"Alinipa mikanda ya kofia bure."

"Basi alikupa mikanda. Mimi nakupa Aprili."

Melissa alimgeukia mama yake. Wamaitha alikunja suruali ya sare mara mbili, akaifunua, akaikunja tena.

"Usinitazame mimi," alisema. "Nimeshasaini."

Kikao cha kuikagua kinga kilikuwa Jumapili mchana, kwenye chumba cha kamati juu ya uwanja, chenye dirisha la kioo linalotazama barafu. Viti vilikuwa sita, vile vile vya Septemba. Walivikalia Doreen, mtu wa ligi, mzazi mmoja wa kamati, Nyakundi, Wamaitha na Melissa. Mzee Tavares, aliyeitwa kujieleza, alifika wa mwisho akakosa kiti. Alisimama mlangoni na kofia yake mkononi. Nyakundi hakumpisha.

Mtu wa ligi alivaa glavu, akachukua kisu kidogo, akachana mshono wa bega. Mahameli ya kahawia ikatokeza, halafu sponji, nyeupe, nene, safi. Akaibonyeza. Ikanyanyuka mara moja.

"Mna uhakika hii si kochi?" mzazi wa kamati aliuliza.

Watu walicheka kidogo. Nyakundi naye alicheka, ili awe pamoja na wanaocheka.

Tavares hakucheka. "Mimi nimeuza vifaa miaka thelathini na mmoja," alisema. "Nikiuza kibovu nasema kibovu. Hiki sikukiuza hivi."

"Familia inasema ulikiuza hivi. Wametia sahihi, wawili."

"Sikushona mimi. Sina hata cherehani." Alisogea mezani, akanyoosha kidole. "Tazama, kuna uzi mwekundu hapa, umefungwa fundo. Huu si uzi wangu."

"Uzi ni uzi, bwana," mtu wa ligi alisema. "Hapa kuna mtoto aliyevunjika mfupa. Nikitoka hapa nitaandikia vilabu vyote thelathini na nne visinunue kwako, na ligi itakudai gharama za matibabu. Kama kuna anayeweza kunionyesha kwamba si wewe, aseme sasa."

Tavares aliwaangalia mmoja mmoja. Alipofika kwa Nyakundi, Nyakundi alikuwa anatazama chini kwenye barafu, ambako mashine ya kusafishia ilikuwa inazunguka polepole kana kwamba ina jambo la maana sana. Wamaitha alikuwa amefumba macho.

Melissa alisimama. Alikamata kiti chake kwa mkono mzima, akakiinamisha, kikamponyoka na kuanguka miguu juu. Kwenye kitambaa cheusi, katikati, kulikuwa na fundo la uzi mwekundu, vitanzi viwili.

Halafu akasema, "Vyote sita."

Doreen alisimama, akageuza chake. Mzazi wa kamati akageuza chake. Mtu wa ligi aligeuza chake, akachukua kinga, akaiweka kando ya fundo, akatazama hili na lile. Wamaitha alisimama mwenyewe bila kuambiwa, akakishika kiti chake kwa mikono miwili na kukipindua taratibu, kama anavyowageuza wazee kitandani.

Akabaki Nyakundi peke yake ameketi.

"Bwana Nyakundi," mtu wa ligi alisema kwa upole, "simama tafadhali."

Akasimama. Wakakigeuza.

Tavares hakusubiri kuombwa radhi. Alivaa kofia yake. Mlangoni alisita, akamwangalia Melissa, akagusa ukingo wa kofia kwa kidole, akashuka ngazi.

Doreen ndiye aliyewasindikiza mpaka chini. Alizungumza na Wamaitha, Nyakundi akawa kama hayupo. Alisema kama fomu ingeandikwa ukweli, ligi ina mfuko mwingine, wa ajali za vifaa vilivyorekebishwa nyumbani. Ungelipa nusu ya vikao, pengine zaidi. Sasa palipoandikwa uongo na kutiwa sahihi mbili, hakuna mfuko wowote utakaofunguka. Yeye mwenyewe hana kinyongo na mtoto. Mtoto akipona, mlango uko wazi.

Kwenye gari Wamaitha aliendesha. Walivuka taa tatu.

"Umeipoteza Aprili yako, mama," Nyakundi alisema bila kugeuka. "Ilikuwa mkononi."

"Ilipotea ile Jumamosi, Baba," Melissa alisema kwa Kiswahili, polepole, ili asikosee.

Nyakundi alifungua mdomo. Wamaitha akawasha taa ya kukata kona, ikawa inalia tik tik tik, Nyakundi akaufunga.

Wiki iliyofuata klabu iliviondoa viti sita na kuweka vya plastiki. Hawakumdai zile dola mia mbili. Nyakundi aliacha kwenda kwa Jamaludin. Jamaludin alipiga simu mara tatu. Mara ya tatu aliacha ujumbe kwamba fundi, kazi ipo, mambo ya watoto hutokea kwa kila mtu. Nyakundi aliufuta. Angeweza kuvumilia kufukuzwa. Kusamehewa na mtu aliyemwambia mapema, hapana.

Januari Melissa alianza mazoezi ya kulipia. Wamaitha alichukua zamu za ziada kuyalipia, mpaka mgongo wake ukagoma. Walifika vikao saba. Kliniki ya serikali ilipiga simu tarehe ishirini Machi kusema nafasi imepatikana. Jumamosi ya tarehe kumi na moja Aprili, siku ya majaribio, mkono wake wa kushoto ulikuwa unapanda mpaka sikioni na kuishia hapo. Alikwenda, akakaa kwenye benchi la wazazi mpaka mwisho. Alichukuliwa msichana wa Brampton, na Melissa alisema ni mzuri, alistahili.

Wamaitha ndiye aliyeiandika hesabu, kwenye mgongo wa bahasha ya hospitali, akaibandika kwenye friji kwa sumaku. Nyakundi huisoma kila anapofungua maziwa.

Bamba la chuma, moja. Skrubu, saba. Kovu, refu kama kidole cha shahada. Vikao saba kwa dola sabini na tano, dola mia tano ishirini na tano. Zamu za ziada, tisa. Siku za kulala kwa maumivu ya mgongo, kumi na moja, bila malipo. Jumamosi za Jamaludin, dola themanini kila moja, zilizokwisha kupita ishirini na mbili. Sahihi za uongo, mbili. Aprili, moja. Kinga, dola arobaini. Kinga mpya ingekuwa dola mia nne na themanini.

Sponji, bure.